Kifuniko cha Tarakilishi

Watu wengi hudhani kuwa uhakiki ni kazi ya vitabu peke yake. Shairi hupimwa kwa vina na mizani yake, na hadithi hupimwa kwa watu wake na matendo yao. Lakini cherehani, baiskeli, redio na tarakilishi huulizwa swali moja tu, nalo ni bei. Dhana hii ina upungufu. Kila kitu kilichofanywa na mkono wa mwanadamu kina fikira ndani yake. Aliyekifanya alichagua jambo hili akaliacha lile. Alimfikiria mtu atakayekitumia, akamheshimu au akampuuza. Na palipo na uchaguzi pana haki ya kuuliza sababu.

Basi katika insha hii nataka kuvihakiki vyombo viwili kama tungo mbili zinavyohakikiwa. Cha kwanza ni tarakilishi iitwayo Apple II, iliyotolewa mwaka 1977. Cha pili ni ndugu yake, Macintosh, iliyotolewa mwaka 1984. Zote mbili zilitoka katika kampuni moja ya Marekani, katika muda wa miaka saba, na zote zilipata sifa nyingi. Lakini ya kwanza ilikuwa na kifuniko kinachonyanyuliwa kwa mikono mitupu, na ya pili ilifungwa makusudi ili mwenyewe asiifungue. Tofauti hiyo yaonekana ndogo. Hata hivyo ndani yake mna ugomvi ambao haujaisha mpaka leo, na simu nyingi zilizomo mifukoni mwa watu wa nyumbani kwenu ni matokeo ya ugomvi huo.

Kabla ya kutoa hukumu yafaa tuwe na kipimo. Chombo, kwa maoni yangu, hupimwa kwa siku tatu za maisha yake. Siku ya kwanza ni siku ya kununuliwa, ambapo macho huvutwa na umbo, rangi na wepesi. Siku ya pili ni siku ya kazi, ambapo mikono hujua kama chombo chatii au chasumbua. Siku ya tatu ni siku ya kuharibika. Muuzaji hutuonyesha siku ya kwanza tu, naye anajua kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Siku ya pili kila mtumiaji huiona mwenyewe. Lakini siku ya tatu, ambayo haina budi kuja, aghalabu haitajwi dukani. Nayo ndiyo siku inayodhihirisha kama muundaji alimwona mnunuzi kuwa ni mwenye mali, au alimwona kuwa ni mpangaji katika nyumba aliyoilipia kwa fedha yake.

Kipimo hiki si kigeni kwetu. Fundi wa jahazi wa pwani hufanya kazi yake akijua kwamba siku moja mbao zitachoka na bahari itatafuta njia ya kuingia. Kwa hiyo huacha nafasi ya matengenezo: kalafati iliyochakaa hutolewa ikatiwa nyingine, ubao ulioliwa na wadudu hung'olewa ukawekwa mpya, na jahazi hurudi majini. Hali kadhalika cherehani. Kibati kilicho chini ya sindano huvutwa kwa kidole, matundu ya mafuta yapo wazi, na kila mshoni huitunza mashine yake mwenyewe. Hakuna mtu aliyepata kusema kuwa jahazi au cherehani ni kitu kibaya kwa sababu chafunguka.

Na sasa tuitazame Apple II. Aliyeisanifu mitambo yake ni mhandisi Steve Wozniak. Kwa nje ilikuwa kasha bapa la plastiki, lenye kibodi mbele na kifuniko juu. Kifuniko hicho hakikuwa na skrubu hata moja juu yake. Kilishikwa na vishikizo, na mtu akikivuta kwa nyuma kilitoka chote. Ndani yake macho yalikutana na bodi moja pana. Chipu zake zilipachikwa katika vitundu bila ya kulehemiwa, na iliyoharibika iliweza kung'olewa na nyingine ikatiwa mahali pake. Upande wa nyuma palipangwa nafasi nane za kupachikia kadi, yaani bodi ndogo za kuongeza uwezo.

Nafasi hizo nane zina habari yake. Steve Jobs, mshirika wa Wozniak, aliona kuwa nafasi mbili zatosha: moja ya mashine ya kupiga chapa na moja ya kuunganisha simu. Wozniak alikataa, akashikilia nane. Jobs alitaja kazi alizozijua, na hesabu yake ilikuwa sahihi kwa kazi hizo. Wozniak aliacha mahali pa kazi ambazo yeye mwenyewe hakuzijua bado. Katika jambo hili ndogo mna falsafa mbili za kutengeneza vitu. Mmoja aliuliza, Mnunuzi anahitaji nini? Mwingine akauliza, Mnunuzi ataweza kubuni nini?

Muda ukampa Wozniak haki. Mwaka 1978 zilikuja kadi za kuendeshea diski. Mwaka 1980 kampuni ya Microsoft ilitoa kadi yenye prosesa ya pili, yaani chipu nyingine ya kufanya hesabu, na tarakilishi ile ikaweza kusoma programu za ukoo mwingine kabisa ambazo waundaji wake hawakuzikusudia. Wala kasoro zake hazikubaki kuwa kasoro za milele. Apple II za mwanzo ziliandika herufi kubwa tupu, na mstari mmoja haukuzidi herufi arobaini. Kwa mwandishi wa barua au wa insha hilo lilikuwa pungufu kubwa, na mhakiki hana ruhusa ya kulificha. Lakini wenye mashine hawakukaa wakilalamika. Watu wengine walibuni kadi za kuandika herufi themanini kwa mstari, wenyewe wakazinunua, wakanyanyua kifuniko, wakazipachika. Aidha, kitabu cha maelezo kilichotolewa mwaka 1978 kilichapisha michoro ya mitambo ya ndani pamoja na maandishi ya programu yake ya msingi. Mnunuzi alipewa nyumba pamoja na ramani yake. Matoleo ya ukoo huo yaliendelea kuundwa mpaka mwaka 1993, miaka kumi na sita baada ya lile la kwanza.

Macintosh ilizinduliwa tarehe 24 Januari 1984 kwa bei ya dola 2,495. Ningekuwa dhalimu kama nisingeanza na sifa zake, maana ni nyingi na ni za kweli. Skrini na mitambo vilikaa pamoja katika kasha moja dogo lililosimama wima, na juu yake palikuwa na kishikio cha kuibebea. Mtumiaji hakulazimika kukariri amri na kuziandika bila ya kukosea; alisukuma kipanya mezani, akaelekeza mshale penye picha, akabonyeza. Mtu aliyekuwa hajapata kugusa tarakilishi aliweza kuchora na kuandika katika muda mfupi. Kwa siku ya kwanza na siku ya pili, Macintosh iliipita Apple II kwa mbali. Aliyeiongoza kazi hiyo alikuwa Steve Jobs, na alitaka kasha liwe kazi ya sanaa iliyokamilika. Hata sahihi za watu walioiunda zilitiwa katika plastiki, upande wa ndani, kama mchoraji atiavyo jina lake katika picha.

Lakini tazama mahali zilipotiwa sahihi hizo: upande wa ndani, mahali ambapo mwenye mashine hakutarajiwa kufika. Skrubu za kasha zilikuwa na vichwa vya nyota ya pembe sita, na baadhi yake zilizama ndani ya shimo la kishikio, hata bisibisi ya kawaida isiweze kuzifikia wala kuzifungua. Nafasi za kadi hazikuwapo hata moja. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 128, nayo ililehemiwa katika bodi. Feni hakuwekewa pia, ili isitoe kelele.

Matokeo hayakukawia. Kumbukumbu ile ilikuwa haba kwa kazi za picha. Mtu aliyekuwa na kiendesha diski kimoja, akitaka kunakili diski, alilazimika kuitoa na kuirudisha, kuitoa na kuirudisha, mara nyingi kwa kazi moja. Kampuni ikatoa toleo la kilobaiti 512 mwezi wa Septemba mwaka ule ule wa 1984. Aliyenunua mwezi wa Januari alifanyaje? Kama ingekuwa Apple II, angenyanyua kifuniko. Kwa kuwa ni Macintosh, alipaswa kulipa ili abadilishiwe bodi, au atafute fundi mwenye chuma cha kulehemu. Na hata njia hiyo ya fundi ilipatikana kwa ujanja. Burrell Smith, mhandisi wa bodi ile, aliona mapema kuwa kumbukumbu haitatosha; akapitisha nyaya chache za ziada katika bodi, ili chipu kubwa zaidi ziweze kulehemiwa baadaye, ijapokuwa mkubwa wake hakutaka mashine iongezwe kitu. Mhandisi anapolazimika kumfikiria mnunuzi kwa siri, kuna hitilafu katika usanifu. Kuhusu joto, kampuni nyingine zikapata biashara ya kuuza feni za kuegeshwa juu ya kasha lile zuri.

Hapa wahenga walikwisha kuhakiki kabla yangu waliposema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hata hivyo sitaki methali ifanye kazi ya hoja. Swali la haki ni hili: je, uzuri wa Macintosh ulitokana na kufungwa kwake? Kama jibu ni ndiyo, basi kufungwa ni gharama tunayopaswa kuivumilia. Jibu lilitolewa na kampuni yenyewe. Jobs aliondoka mwaka 1985. Mwaka 1986 ilikuja Macintosh Plus, yenye vitundu vya kuongezea kumbukumbu. Mwaka 1987 ikaja Macintosh II, yenye kifuniko cha kufunguliwa na nafasi sita za kadi. Kipanya kilibaki, picha zilibaki, na urahisi ulibaki. Kilichoondoka ni kufuli. Kwa hiyo kufungwa hakukuwa mzizi wa uzuri ule. Kulikuwa pambo la matakwa ya mtu mmoja, na gharama yake ikalipwa na wengine.

Haki yataka pia kuwasikiliza watetezi wa vyombo vilivyofungwa, maana hawasemi maneno matupu. Wa kwanza husema kuwa ndani mna hatari. Ni kweli. Skrini ya Macintosh ya mwaka 1984 ilikuwa ya bomba la kioo, na bomba hilo hufanya kazi kwa umeme wa maelfu ya volti, ambao waweza kubaki hata waya ukichomolewa ukutani. Leo bomba hilo halimo tena katika simu wala katika kipakatalishi, lakini imo betri ya lithiamu ambayo ikitobolewa yaweza kuwaka moto. Nakubali hatari, sikubali dawa. Betri iliyogandishwa kwa gundi hulazimisha fundi kuichokoa kwa chuma, na huko ndiko kuitoboa. Betri iliyoshikwa kwa skrubu mbili hutoka kwa amani. Kama hatari ndiyo hoja, basi hoja hiyo inawataka waundaji waache gundi.

Wa pili husema kuwa watu wanataka vyombo vyembamba na vyepesi, na wembamba hauna nafasi ya vifuniko. Hoja hii ilipata nguvu mwaka 2012, kampuni ile ile ya Macintosh ilipotoa kipakatalishi chembamba chenye betri ya gundi, kumbukumbu ya kulehemiwa, na skrubu za pembe tano zisizopatana na bisibisi za kawaida. Waundaji wengi wakafuata nyayo zake. Lakini mwaka 2021 kampuni nyingine ya Marekani, Framework, iliuza kipakatalishi chembamba ambacho bisibisi yake imo ndani ya sanduku la kununulia, na ambacho kumbukumbu, betri, skrini na kibodi hubadilishwa na mwenyewe. Uholanzi nayo ilikuwa imetoa simu ya Fairphone mwaka 2013, kwa nia ya kudumu na kutengenezeka. Sisemi vyombo hivi havina ila. Nasema vimeonyesha kuwa wembamba na kufunguka vyaweza kukaa nyumba moja.

Wa tatu husema: asiyetaka asinunue. Neno hili lina sura ya uhuru, lakini mnunuzi hawezi kuchagua asichokijua, na siku ya tatu haikuandikwa juu ya sanduku. Ndiyo maana mwaka 2021 Ufaransa ilianza kuwalazimisha wauzaji wa simu, vipakatalishi na vyombo vingine kadhaa kuonyesha alama, kutoka 0 mpaka 10, ya urahisi wa kukitengeneza chombo. Huo ni uhakiki uliowekwa karibu na bei, kila mtu aweze kuusoma. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria mwaka 2023 kuwa, kuanzia mwezi wa Februari 2027, betri za vyombo vidogo ziweze kutolewa na mwenye chombo, isipokuwa kwa masharti maalumu. Walioanza mabishano haya walikuwa mafundi na wanunuzi wa kawaida. Yamefika mpaka katika mabunge.

Mwanafunzi atauliza: Ugomvi wa Wamarekani na sheria za Ulaya vyatuhusu nini? Vyatuhusu sana. Sisi tu wanunuzi wa vyombo vilivyoundwa kwingine, na vingi hutufikia vikiwa vimekwisha kutumika, yaani siku yao ya tatu iko karibu zaidi na yetu. Katika mwaka 2022 dunia ilitupa takataka za umeme tani milioni 62, na zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika robo. Nenda Luthuli Avenue mjini Nairobi ukawatazame mafundi. Huko simu hupashwa joto ili gundi ilainike, kioo hunyanyuliwa polepole kwa kipande chembamba cha plastiki, na chombo ambacho muundaji alikusudia kisifunguliwe hufunguliwa. Mafundi hao wanarudisha kwa jasho kile ambacho Wozniak alikitoa bure mwaka 1977.

Jambo hili lina upande mwingine ambao mimi, kwa kazi yangu ya ualimu, nauona kuwa mkubwa kuliko fedha. Katika chumba cha tarakilishi cha shule hutokea mashine kuukuu ya mezani ikakataa kuwaka, ikawa yatoa mlio tu. Nimewaona wanafunzi wa kidato cha pili wakiishughulikia hivi. Kwanza walitazama waya wa ukutani, wakajaribu tundu jingine la umeme. Umeme ulikuwapo. Kisha wakachomoa waya, wakafungua ubavu wa kasha, wakapuliza vumbi. Wakatoa vijiti vya kumbukumbu, wakasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, wakavirudisha kimoja kimoja, wakiiwasha kila mara ili wajue kipi kizima na kipi kibovu. Ikawaka. Gharama yake haikuwa hata shilingi moja, na somo walilolipata halimo katika kitabu: anza na lililo jepesi, badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, sikiliza jibu kabla ya kuuliza tena. Hiyo ndiyo njia ya sayansi, na waliijua kwa vidole vyao.

Katika kabati la chumba hicho hicho mlikuwa na vibao vya kusomea vya kampuni ambayo sitaitaja. Betri zao zilivimba. Migongo yao ilikuwa ya gundi, hapana skrubu, hapana mchoro. Wanafunzi wale wale waliovumbua ugonjwa wa mashine kuukuu walivigeuzageuza vibao hivyo, wakavirudisha kabatini. Hawakukosa akili, walikosa mlango. Na mtoto anayekua kati ya vyombo visivyo na mlango hujifunza, pasipo kuambiwa na mtu, kwamba kuna watu wa kujua na kuna watu wa kununua, na kwamba yeye ni wa fungu la pili. Hilo ndilo kosa kubwa la kasha lililofungwa, na halimo katika hesabu ya dola wala ya kilobaiti.

Hukumu yangu basi ni hii. Macintosh ya mwaka 1984 ni utungo wenye lugha tamu na mawazo mapya, lakini mtunzi wake hakumwamini msomaji. Apple II ni utungo wenye lugha ya kukwaruza, ambao mtunzi wake alimwachia msomaji kurasa tupu mwishoni, na wasomaji wakaziandika vizuri. Nikiulizwa ipi niipe nishani ya umbo, nitaipa Macintosh. Nikiulizwa ipi niiweke mbele ya darasa, nitaiweka Apple II.

Nanyi mtakaponunua simu au tarakilishi, msimwulize muuzaji bei na rangi tu. Mwulizeni: betri yake yatoka vipi? Kumbukumbu yaongezeka? Bisibisi gani yaifungua? Vipuri vyapatikana wapi? Akicheka, rudieni swali. Wengine wenu siku moja hamtakuwa wanunuzi tena. Mtakuwa waundaji, mkikaa mbele ya mchoro wa chombo ambacho bado hakijapata kuwako. Hapo mtalazimika kuamua mahali pa kuweka kifuniko, na skrubu ya aina gani. Mwamuapo hayo, mkumbukeni mtu msiyemjua, aliye mbali, ambaye siku ya tatu itamkuta na bisibisi moja mkononi.